Mpira wa Trekta Kwenye Gari la Kaka

Kaka yangu alipitwa na gari jingine kwenye kilima kidogo kabla ya kufika Mpui, mke wake na watoto wake wawili wakiwa ndani, na yote ninayoyaandika hapa yalianzia hapo.

Sikuwepo siku hiyo. Alinisimulia mwenyewe kesho yake asubuhi, amesimama mlangoni pa gereji yangu na koti lake refu, maana ulikuwa mwezi wa saba, na Sumbawanga mwezi wa saba upepo hauulizi umevaa nini. Aliyempita alikuwa mfanyabiashara mwenzake wa mahindi, mtu wa mjini hapa hapa, mwenye gari la aina ileile: la Kijapani, la familia, limenyanyuka kidogo kutoka chini, linavuta magurudumu yote manne. Alimpita akipiga honi, akamwachia vumbi. Binti wa kaka, ambaye alikuwa darasa la pili, akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Baba, mbona la kwetu limechoka?"

"Limechoka!" kaka alirudia, akicheka kicheko ambacho hakikufika machoni. "Mtoto wangu mwenyewe, bwana mdogo. Limechoka."

Kisha akaangalia lile lori bovu nililokuwa nimeliinua kwa jeki, akasema, "Wewe unaweza kuliongezea nguvu. Najua unaweza."

Na kweli nilikuwa naweza. Hilo ndilo lililoniponza.

Miaka ile ya ruksa ilikuwa imetukuta sote wawili tukiwa waajiriwa. Kaka alikuwa karani wa chama cha ushirika. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya umma, nikitengeneza malori yaliyobeba mahindi ambayo kaka aliyaandika kwenye vitabu. Biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi wenyewe, ushirika ulianza kufa taratibu na karakana yetu ikaanza kupunguza watu. Kaka hakusubiri. Alijua kila kijiji kuanzia Kate hadi Mpui, nani anavuna lini na nani ana ghala lisilovuja, na ujuzi huo akaugeuza kuwa biashara. Mimi nilipunguzwa. Nilirudi nyumbani na sanduku la spana na barua. Ni kaka aliyenitafutia kiwanja cha gereji nyuma ya stendi, ni kaka aliyeniletea wateja wa kwanza, akiwaambia, "Mdogo wangu huyu, injini inamsikiliza." Kumkatalia jambo kulikuwa kugumu kwangu.

Gari lake lilikuja kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya, likiwa bado na karatasi zenye maandishi ya Kijapani zilizobandikwa kwenye vioo. Watu walikuja kuliangalia nyumbani kwake kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Viti vya kitambaa, mikanda ya usalama mbele na nyuma, redio iliyokamata stesheni moja tu. Jumapili walikwenda kanisani familia nzima, ingawa kanisa lilikuwa umbali wa kutembea dakika kumi. Lilikuwa limeundwa kukimbia, hata umbo lake lilionyesha. Lakini huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, injini inahema kama mtu aliyepanda mlima, na ile tabo yake, kile kifaa chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa, ilikuwa ndogo na imeshazeeka ilipotoka.

Nilimwambia nipe wiki mbili.

Bahati, au kile nilichokiona ni bahati, ilikuwa kwamba lori dogo la Kijapani lilikuwa limepinduka njia ya Laela, na mwenyewe alikuwa akiliuza vipande vipande. Tabo yake ilikuwa kubwa kuliko ya kaka na ilikuwa nzima. Niliizungusha kwa kidole, ikazunguka kimya, nikaipenda. Niliichongea sahani ya chuma ya kuiunganisha na injini, nikaichomea, nikaipiga tupa mpaka ikakaa. Nilikaza skrubu ya pampu ili ipitishe dizeli zaidi. Nilipanua bomba la moshi. Niliweka springi ngumu zaidi ili gari lisiyumbe kwenye kona. Breki pia nilizifanya, zote nne, na nilizifanya vizuri. Hilo hadi leo hakuna anayeweza kuniambia vingine.

Kilichonikwamisha kilikuwa kitu kidogo. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa sana, na bila oili inakufa. Kuna bomba jembamba la chuma linaloipelekea oili kutoka kwenye injini. La gari la kaka lilikuwa fupi, halikufika kwenye tabo mpya kwa kama shubiri moja, na la lile lori lilikuwa limevunjika katika ajali. Nilituma ujumbe kwa fundi mwenzangu wa Mbeya, tuliyefanya naye kazi karakana, anitengenezee la chuma kwa vipimo nilivyompa. Lakini kaka alikuwa akipita gereji kila siku, mara mbili kwa siku, akiuliza. Alikuwa ameshawaambia watu. Yule mfanyabiashara mwenzake alikuwa ameshasikia.

Kwa hiyo nikachukua mpira wa haidroliki wa trekta la zamani, mpira mgumu wenye nyavu za waya ndani, nikaukata, nikaufunga kwa vibano pande zote mbili. Ulipita karibu na tabo yenyewe, mahali ambapo chuma kinapata moto mpaka kinakuwa chekundu gari likipanda mlima mrefu. Kila fundi anajua mpira haukai hapo. Nami nilijua.

Siku ile shemeji yangu, mke wa kaka, aliniletea chakula cha mchana gereji, ugali wa ulezi na maharage katika bakuli lililofungwa kitambaa. Alikuwa na kawaida hiyo tangu mke wangu alipokwenda kwao kujifungua. Yeye alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Sare za shule mbili za msingi za pale mjini zilipita mikononi mwake, na magauni ya maharusi wengi. Alikuwa na macho ya kuona mshono uliopinda ukiwa upande wa pili wa barabara. Aliinama juu ya injini, mikono ameiweka nyuma ili asijipake oili.

"Hiki ni mpira, shemeji?" akauliza.

"Ni mpira."

"Na hapa si ndipo panapopata moto? Juzi ulinikataza nisiweke hata kitambaa."

"Ni wa muda tu, shemeji. La chuma linakuja kutoka Mbeya."

Alitikisa kichwa, akaniambia nile kabla ugali haujapoa, akaondoka.

Kaka alipokuja kuchukua gari nilimwambia maneno mawili tu: "Kaka, tayari." Sikumwambia ni wa muda. Nilitaka uso wake uwe vile ulivyokuwa saa ile, na nilitaka mimi ndiye niwe nimeufanya hivyo.

Tulitoka naye kulijaribu barabara ya Mpui. Sijawahi kusahau, na sitadanganya kwamba sikufurahi. Alikanyaga mafuta, kukawa na kimya kifupi, kisha ile tabo ikaanza kulia kwa sauti nyembamba na gari likatusukuma mgongoni mpaka nikashika kiti. Miti ya mikaratusi ikapita kama ukuta. Kaka alipiga usukani kwa kiganja, akapiga kelele, "Bwana mdogo! Bwana mdogo!" kama mtoto. Wiki haikuisha akawa ameshampita yule mwenzake, pale pale kwenye kilima kabla ya Mpui, na habari ikafika stendi kabla yake. Vijana wakaanza kuniita fundi wa tabo. "Mambo, fundi wa tabo!" "Poa." Wenye magari wakaanza kuja kuuliza kama na ya kwao yanaweza.

Bomba la chuma lilifika kwa basi siku ya nane. Lilikuwa limefungwa kwenye gazeti, kazi safi, limepindwa mahali panapotakiwa. Nililitundika kwenye msumari ukutani. Kulifunga kungenichukua siku nzima, na kaka alikuwa akilitumia gari kila siku. Nilimwambia mara moja, "Kaka, niletee gari siku moja nikaze kaze vitu." Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita. Sikumwambia ni kitu gani cha kukaza, kwa sababu ningemwambia ingebidi nikiri kwamba nilimkabidhi kazi ambayo haijaisha, na watu walikuwa wameshanisifia. Kila asubuhi nilipofungua gereji niliona lile gazeti ukutani. Baada ya muda nikawa silioni.

Mdogo wake mama yetu alikuwa ameolewa Kasanga, kando ya ziwa, kwenye familia ya wavuvi. Binti yake alipoolewa, tulikwenda sote. Kaka aliendesha, Mama akapewa kiti cha mbele, shemeji na watoto wakakaa nyuma, nami nikajikunja kule nyuma kabisa penye mizigo. Mke wangu alikuwa bado kwao na mtoto mchanga, na ninashukuru kwa hilo. Shemeji alikuwa amemshonea Mama gauni jipya la harusi kwa kile kitambaa cha kung'aa kilichoanza kuingia madukani miaka ile, rangi ya zambarau. Mama, ambaye maisha yake yote alivaa vitenge na kuvitunza, alilivaa kwa haya kidogo. Kaka alimfunga mkanda wa usalama kwa mikono yake mwenyewe.

"Hivi mnanifunga kama mbuzi wa mnadani," Mama alisema, na watoto wakacheka njia nzima.

Kwenda ilikuwa mteremko. Injini haikupata taabu. Harusi ilikuwa nzuri, tulikula samaki mpaka tukachoka, na Jumapili mchana tukaanza kurudi, kule nyuma nikiwa nimebanwa na magunia mawili ya samaki wakavu, migebuka, tuliyopewa.

Kutoka ziwani hadi juu ya uwanda ni kupanda tu. Barabara ilikuwa ya udongo, imechimbika, kona baada ya kona, na jua lilikuwa kali. Kaka alikuwa na furaha ya harusi bado. Alikanyaga mafuta. Ile sauti nyembamba ikaanza, nayo haikukoma, kwa sababu mlima haukukoma. Pale nyuma nilipokuwa niliisikia nikawa nahesabu moyoni: sasa chuma kimepata joto, sasa kimekuwa chekundu. Nikawa nauona ule mpira kana kwamba boneti ni ya kioo.

"Kaka," nikamwita, "punguza kidogo. Tusimame injini ipumzike."

Alinitazama kwenye kioo. "Fundi wa tabo anaogopa kazi yake!"

Wote wakacheka. Mama pia alicheka. Shemeji ndiye hakucheka. Aligeuka akaniangalia juu ya kiti, kwa muda, nami nikayashusha macho kwenye magunia. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema. Sentensi moja ingetosha: kaka, kuna mpira uliokaa pabaya. Sikuisema.

Kona mbili mbele tulisikia mlio kama wa kiberiti kikubwa kinachowashwa. Moshi mweupe ukatoka pembeni ya boneti, upande wa kushoto, upande wa Mama, kisha ukawa mweusi. Kaka alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaruka nje na kukimbilia mbele.

"Usifungue boneti!" nilipiga kelele. "Kaka, usifungue!"

Aliifungua. Moto ulipopata hewa ukapanda juu ya kichwa chake, na wakati huohuo ukaingia ndani kwa chini, miguuni kwa Mama.

Milango ya nyuma ilikuwa imefungwa isifunguke kwa ndani. Shemeji aliniomba niiweke hivyo kwa sababu mtoto wao mdogo alipenda kuvuta vishikio. Mlango wa nyuma kabisa, penye mizigo, haukuwa na kishikio cha ndani. Mlango wa Mama ulikuwa upande wa moto. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, mlango wa dereva. Shemeji aliwarusha watoto juu ya kiti cha kaka, mmoja baada ya mwingine, akapita mwenyewe, akawavuta hadi kwenye ukingo wa barabara. Mimi nilikuwa napambana na gunia lililonikalia mguu. Mama alikuwa akivuta ule mkanda kwa mikono miwili. Hakujua unafunguliwaje. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Niliona shemeji akirudi. Aliingia kwa mlango wa dereva, akalala juu ya kiti, mikono yake ikaenda moja kwa moja kwenye kile kifungio cha mkanda, na upindo wa lile gauni ulikuwa umeshashika moto. Kitambaa kile hakiungui kama pamba. Kinayeyuka. Aliukamata kwa mikono miwili akauzima, nacho kikamganda mikononi. Hakulia. Alikuwa akisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo, Mama. Njoo, Mama. Njoo." Nilipofika mbele walikuwa wameshatoka wote wawili wameanguka barabarani, na kaka, nyusi zimeungua, alikuwa akiurushia moto mchanga kwa viganja, akirusha na kurusha, mchanga ambao usingezima hata jiko.

Lori la samaki lilitukuta hapo. Dereva hakuuliza maswali. Tulipanda juu ya makapu, tukafika hospitali Sumbawanga jua linazama. Mama alikuwa ameungua mguu wa kushoto kutoka kifundo hadi karibu na goti. Shemeji aliungua mikono yote miwili, viganja na vidole.

Kila aliyekuja kutupa pole, kaka alimwambia maneno yaleyale: "Magari haya ya mitumba. Wanatuletea yaliyowachosha." Kisha akanishika bega mbele za watu. "Mdogo wangu amehangaika sana na gari hili. Asijilaumu." Nilikuwa nikisimama pale chini ya mkono wake na kuitikia. Watu walinipa pole mimi pia.

Lile ganda la gari lilibaki mlimani. Wiki iliyofuata nilipanda lori kwenda kuliona, nikimdanganya kaka kwamba natafuta vipuri vya kuokoa. Watu walikuwa wameshachukua magurudumu na milango. Tabo ilikuwepo. Vibano vyangu viwili vilikuwepo, kila kimoja mahali pake, vimeng'ang'ania, na katikati yake hakukuwa na kitu, nyuzi chache tu za waya. Nilivifungua nikaviweka mfukoni. Mpaka leo sijui nilivichukua ili nimwonyeshe nani, au ili asivione nani.

Shemeji alikaa wodini miezi. Nilikwenda kila Jumatano na kila Jumapili, na kila mara nilihakikisha kuna mtu mwingine. Siku moja ya Jumatano hakukuwa na mtu. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, imefungwa bandeji, mikubwa, kama si yake. Nilimsalimia, nikaanza kumwambia habari za watoto.

Akanikatiza. "Shemeji, ule mpira ulibadilisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa wiki nyingi. Nilikuwa na majibu matatu. Nikasema, "Hapana."

"Na la chuma lilikuja?"

"Lilikuja."

"Kabla ya harusi?"

"Wiki nne kabla."

Alifumba macho. Nilifikiri amelala kwa zile dawa. Kisha akasema bila kuyafumbua, "Nikitoka hapa sitaki kukuta kaka yako hajui. Mimi siwezi kukaa nyumba moja na neno hilo. Ukimwambia au usipomwambia, mikono yangu ni hii hii. Lakini kumwambia, mwambie."

"Atanichukia."

"Ndiyo," alisema. "Huenda."

Ilinichukua siku tisa. Nilimkuta kaka kwenye ghala lake, asubuhi, akipanga magunia, maana vibarua walikuwa hawajafika. Nilikuwa nimelichukua lile bomba ukutani, likiwa bado na gazeti lake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, harakaharaka, jinsi mtu anavyosoma tangazo. Alikaa juu ya gunia. Akanyoosha mkono nimpe. Akalifungua kwenye gazeti, akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza.

"Hiki tu?" akauliza.

"Hicho tu, kaka."

Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akilia, hata baba alipofariki. Alilia akiwa amelishika. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Aliniambia."

"Nani?"

"Mke wangu. Siku ileile niliyolichukua gari. Aliniambia: shemeji amefunga mpira penye moto, muulize. Nikamwambia, mambo ya gari mwachie fundi, wewe shona nguo zako." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Sikukuuliza kwa sababu ungelichukua tena gari."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya baiskeli, akiuza mikate. Nilitaka kumwambia kwamba kosa langu ni kubwa kuliko lake, na ni kweli lilikuwa kubwa, lakini niliona kwamba hata hilo ningelisema ili nijisikie mwema.

"Toka," alisema hatimaye, bila ukali. "Nenda tu. Sitaki kukuona kwa sasa."

Hiyo "kwa sasa" iliendelea miaka. Hatukugombana. Tukikutana msibani au kanisani tulisalimiana, "Shikamoo, kaka," "Marahaba," na kila mtu akaenda upande wake. Watoto walikuja kwangu kama kawaida; hakuwakataza. Lakini hakuleta gari lake lolote gereji kwangu, wala hakukanyaga kiwanja kile alichonitafutia. Watu walipojua sababu, wengine waliacha kuja. Wengine, la kushangaza, waliendelea kuja kuniomba niwaongezee nguvu kwenye magari yao. Niliwakatalia. Mmoja nilimkubalia, mwaka ule mke wangu alipougua. Nilimfungia kila kitu cha chuma, na bado kwa miezi sita sikulala vizuri kila nilipojua yuko safarini.

Shemeji alirudi nyumbani na vidole ambavyo havikunyooka tena. Cha gumba na cha shahada cha mkono wa kulia ndivyo vilivyobaki na nguvu. Alijaribu cherehani, akashindwa kusukuma kitambaa, akaifunika mashine kwa kitambaa hicho akaiacha hivyo msimu mzima wa mvua. Baadaye alianza kuchukua wasichana waliomaliza la saba na kuwafundisha. Alikaa kwenye kiti katikati yao, akielekeza kwa mdomo. Nilipita siku moja nikamsikia akimwambia mmoja, "Fumua." Msichana akasema, "Mbona mshono hauonekani kupinda, Mama?" Akamjibu, "Mimi nimeuona. Fumua."

Aliniomba kitu kimoja tu katika miaka hiyo. Alinitumia binti yake, akiwa sasa msichana mkubwa, kuniita nije nimtengenezee mkasi ambao angeweza kuushika. Nilichukua mkasi wake mkubwa, nikaukata vishikio, nikauunganishia vingine vipana vya kuingiza kiganja kizima. Niliurudisha mara tatu mpaka ukamkaa. Mara ya tatu alikata nao kipande cha karatasi, moja kwa moja, akautazama ule ukingo. Hakusema amenisamehe. Hatukuwahi kulitumia neno hilo, si mimi wala yeye. Alisema, "Huu unakata," na akaniuliza kama nimekula.

Mama alifariki kwa uzee, kijijini, kipindi cha baridi. Mguu wake ulikuwa na kovu lile mpaka mwisho na hakuwahi kunilaumu, au pengine hakuwahi kuelewa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyemweleza sawasawa. Siku ya tatu, watu walipoanza kutawanyika, nilikuwa nakunja maturubai nyuma ya nyumba. Kaka alikuja akashika upande wa pili wa turubai. Tulilikunja, tukalikunja tena. Mvi zilikuwa zimemjaa.

"Lori langu linavuta kushoto," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa. Mafundi wengine wa mjini wamelishindwa."

"Lilete."

Alilileta Jumanne. Nilifanya kazi tangu asubuhi, naye hakuondoka. Hakukaa kwenye benchi wala hakunywa chai niliyomwagizia. Ilipoa pale pale. Alisimama juu yangu, mikono mfukoni, akitazama kila bolti niliyoifungua na kila niliyoirudisha. Nilipobadilisha kitu aliniuliza ni nini, kinatoka wapi, kimewahi kutumika. Nilimjibu kila kitu, hata alichoniuliza mara mbili.

Nilipomaliza nikamwambia, "Kaka, limekwisha." Aliniangalia. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye kioo cha lori, akatandika gunia chini, na mzee yule mwenye nguo safi akalala chali akajisukuma chini ya lori kukagua mwenyewe. Nilimshikia tochi. Nilisikia vidole vyake vikigusa vyuma, kimoja kimoja, taratibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilibaki nimepiga magoti, nimemshikia tochi, nikimsubiri atoke.